Saratani ya mji wa mimba kwenye ukoo: tuanze na mti wa familia, kinyama au damu?

Mama amekutwa na saratani ya mji wa mimba. Kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, kilipelekwa maabara, majibu yamerudi, tarehe ya upasuaji imepangwa. Katikati ya hekaheka hizo daktari anauliza swali linalowaacha watu wakitazamana: kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua saratani? Mmoja anamkumbuka mjomba aliyekufa kwa tumbo. Mwingine anamtaja bibi, "lakini yule walisema karogwa." Mabinti nao wameshaanza kujiuliza la kwao: na mimi je?

Familia iliyofika hapo ina njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kukaa na wazee na kuchora mti wa ukoo kwa makini. Ya pili ni kurudi kwenye kinyama cha mgonjwa na kukipima kwa rangi maalumu, kuona kama protini zinazosahihisha vinasaba bado zimo. Ya tatu ni kupima damu au mate ya mgonjwa na kutafuta hitilafu ya kurithi kwenye jeni zenyewe. Hospitali zenye uwezo huzitumia zote, na moja huvuta nyingine. Ila fedha hazitoshi kila mara, na wakati mwingine mgonjwa mwenyewe hana muda mrefu. Ndiyo maana swali la "tuanze na ipi" linastahili jibu la maana kuliko lile la "pimeni vyote."

Tunatafuta nini hasa

Saratani ninayoizungumzia ni ile inayoanzia kwenye utando wa ndani wa kizazi, utando uleule unaotoka kila mwezi kwa hedhi. Saratani ya mlango wa kizazi ni ugonjwa mwingine kabisa: huletwa na kirusi cha HPV na haihesabiki katika hadithi hii, ingawa kwenye kumbukumbu za familia magonjwa haya mawili huchanganywa kila siku.

Wanawake wengi wenye saratani ya mji wa mimba hawakuirithi. Uzito mkubwa, kisukari, kutozaa, kuchelewa kukoma hedhi na homoni ya estrojeni kufanya kazi muda mrefu bila projesteroni ya kuizuia, hayo ndiyo huwa nyuma ya wagonjwa walio wengi. Ukiwa na mama au dada aliyeugua, hatari yako kwa jumla hupanda hadi karibu mara mbili ya mwanamke mwingine. Hapo pia tusikimbilie kulaumu damu, kwa sababu watu waliokulia nyumba moja hurithishana mapishi na uzito pia.

Takriban wagonjwa 3 kati ya 100 ndio wenye kile kinachoitwa Lynch: hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye mojawapo ya jeni za MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, au kukatika kwa kipande cha EPCAM, jirani wa MSH2. Kazi ya jeni hizi ni kusahihisha makosa seli inaponakili vinasaba vyake. Msahihishaji akiwa mbovu, makosa hurundikana. Kila mtoto wa mwenye hitilafu, awe wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Hatari yenyewe haifanani. Kufikia miaka 75, mwanamke mwenye hitilafu ya MSH2 ana uwezekano wa karibu asilimia 49 wa kupata saratani ya mji wa mimba. MSH6 ni kama 41, MLH1 kama 37, PMS2 kama 13. Saratani ya utumbo mpana nayo iko mlangoni, kwa wanaume na wanawake, na baada yake ovari, tumbo na njia ya mkojo. Kwa hiyo mama anapoulizwa kuhusu ukoo wake, anayetafutwa huwa ni pamoja na kaka yake mwenye miaka 42 ambaye amekuwa akipata choo chenye damu na kusema ni bawasiri.

Nimeziweka njia hizi tatu kwenye maswali yaleyale: inajibu nini, inahitaji nini, inakosea wapi, inagharimu nini, na majibu yake yanaifikisha familia wapi.

Mti wa ukoo

Inajibu nini. Inaonyesha kama saratani za kwenu zina mpangilio, au ni nyingi tu kwa sababu ukoo ni mkubwa na watu wameishi hadi uzeeni. Elimu yote hii ilianzia hapa. Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Michigan, Marekani, mshonaji nguo mmoja wa kike alimwambia Aldred Warthin, daktari wa patholojia, kwamba anatarajia kufa mapema kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya viungo vya uzazi, maana ndivyo walivyokufa wengi kwao. Warthin akaanza kuwaandika jamaa wa mama yule mmoja mmoja, akachapisha kazi yake mwaka 1913. Mshonaji mwenyewe alikufa kwa saratani ya mji wa mimba. Hitilafu ya MSH2 iliyokuwa ikiumaliza ukoo wao ilipatikana mwaka 2000, yaani orodha ya marehemu iliitangulia maabara kwa miaka 87.

Siku hizi mti husomwa kwa vigezo vya Amsterdam, toleo la 1999, ambavyo hukumbukika kwa tatu, mbili, moja. Ndugu watatu wa damu wenye saratani za kundi la Lynch (utumbo mpana, mji wa mimba, utumbo mwembamba, mrija wa mkojo au sehemu ya figo inayokusanya mkojo), mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa wale wawili. Vizazi viwili vinavyofuatana. Na angalau mmoja aliyegundulika kabla ya miaka 50. Toleo la mwanzo lilihesabu saratani ya utumbo mpana peke yake. Wanawake wa mji wa mimba waliingizwa baadaye.

Inahitaji nini. Inahitaji wazee, na kuuliza kunakokwenda mbele ya jibu la kwanza. Mazungumzo mengi huishia hivi:

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi alikufa na ugonjwa gani?"

"Tumbo."

Muulizaji anaandika "saratani ya tumbo" na kufunga daftari. Angeendelea kidogo tu angepata kitu. Tumbo lilikuwaje, lilivimba likajaa maji? Hiyo yaweza kuwa ovari. Alikuwa akitokwa damu wakati hedhi imeshakoma? Choo kilibadilika? Alilazwa wapi, na kuna karatasi yoyote iliyobaki kwenye sanduku? Umri nao hauulizwi kwa mwaka. Mama mkubwa hajui mwaka, lakini atakwambia "ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, mama yako mdogo alikuwa ananyonya bado," na hapo umeshapata 1978 au 1979, na mama aliyekuwa bado akizaa. Saratani iliyomwua mtu wa umri huo ina uzito mkubwa kwenye mti.

Kuna mitego ya udugu. Mama mkubwa na mama mdogo ni damu. Mke wa mjomba si damu, hata kama ndiye aliyekulea. Yule unayemwita dada anaweza kuwa binamu. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti wanashirikiana upande mmoja tu. Uliza "tumbo moja?" kwa kila jina, na uandike. Halafu vuka upande wa pili. Watu wakisikia kizazi huulizia upande wa mama peke yake, ilhali Lynch hupita kwa baba bila kizuizi: shangazi, dada yake baba, ana habari muhimu sawasawa na mama mkubwa.

Inakosea wapi. Mti ulionyamaza hausafishi ukoo. Katika utafiti wa Ohio, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, wanawake 543 wenye saratani ya mji wa mimba walichunguzwa bila kujali historia zao. Kumi walikutwa na Lynch, na saba kati ya hao kumi hawakukidhi vigezo vyovyote vya kifamilia vilivyokuwapo. Sita walikuwa wamevuka miaka 50 walipogundulika. Sababu zinaeleweka. Familia ndogo haina watu wa kutosha kuonyesha mpangilio. Aliyetolewa kizazi kwa ajili ya fibroidi akiwa na miaka 38 hatapata saratani ya kizazi hata kama ana hitilafu. Mwingine aliondoka na malaria au kwenye uzazi kabla saratani haijapata nafasi. PMS2 yenyewe ni mpole, inaweza kuruka vizazi bila kuonekana. Kinyume chake pia hutokea: wazee wanne wenye saratani nne zisizohusiana, wote wamevuka miaka 75, wanaweza kuitia familia hofu isiyo na msingi.

Inagharimu nini. Nauli, vocha, na subira. Kuna gharama nyingine isiyotajwa. Familia nyingine hazitaki orodha hiyo iandikwe kabisa, kwa kuogopa mabinti kukosa posa au ukoo kuitwa wenye mkosi. Kwa maoni yangu daftari likae kwa mtu mmoja anayeaminika, na kikao cha ukoo mzima kisubiri.

Inafikisha wapi. Haithibitishi hitilafu. Inafungua mlango wa rufaa, na mahali ambapo kipimo cha jeni hakipatikani, familia iliyokidhi tatu-mbili-moja inaweza kufuatiliwa na daktari kama familia yenye hatari, kwa kuchunguzwa utumbo kwa kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa) mapema kuliko watu wengine. Inawafaa zaidi wenye wazee walio hai, wenye mgonjwa aliyekwisha kufariki, na wasio na uwezo wa kipimo kwa sasa.

Kipimo cha kinyama

Inajibu nini. Hapa anayeulizwa ni uvimbe wenyewe. Maabara hukata vipande vyembamba kutoka kwenye kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, na kuvipaka rangi zinazoshika protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kitaalamu huitwa imunohistokemia. Protini ikiwapo, viini vya seli hupokea rangi. Ikikosekana, seli za saratani hubaki tupu huku seli nzima za jirani zimekolea. Protini hizi huenda wawili wawili: MLH1 akianguka huondoka na PMS2, MSH2 huondoka na MSH6. Ripoti inayosema MSH6 pekee haipo, au MSH2 na MSH6 hazipo, inaelekeza kidole kwa Lynch moja kwa moja kuliko ile ya MLH1.

Inahitaji nini. Haimhitaji shangazi wala kumbukumbu ya mtu. Kinachohitajika ni kile kibonge cha nta, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: baada ya majibu kutoka, kinyama hakitupwi siku hiyohiyo. Maabara hukitunza, mara nyingi kwa miaka, kikiwa na namba yake. Namba hiyo imeandikwa kwenye ripoti ya patholojia, kwa kawaida juu kabisa karibu na jina na tarehe. Piga picha ripoti yote. Mgonjwa akihamia hospitali nyingine, au akifariki, namba hiyo ndiyo itakayokiwezesha kibonge kupatikana. Vipande vilivyochukuliwa wakati wa kukwangua kizazi vinatosha, na mara nyingi hupakika vizuri kuliko kizazi kizima kilichotolewa, kwa sababu formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, huwahi kuvipenya.

Inakosea wapi. Kwanza, kinyama kilichochelewa kuwekwa kwenye formalini, au kilichotupiwa kwenye formalini kidogo ndani ya kopo dogo, husomeka vibaya. Pili, na hili ndilo huwatia watu presha bure: zaidi ya robo ya saratani za mji wa mimba hukutwa na upungufu wa protini hizi, na nyingi kati ya hizo si za kurithi. Jeni ya MLH1 huzimwa ndani ya uvimbe wenyewe, ukubwani, na mgonjwa hana cha kumrithisha mtoto. Kwa hiyo ripoti ya "MLH1 na PMS2 hazipo" inahitaji kipimo cha nyongeza, cha kuangalia kama jeni hiyo imezimwa kwa metili, alama ya kikemikali inayoifunga jeni, kabla ya kuwaambia mabinti lolote. Wanaofahamu saratani ya utumbo mpana watataja kipimo cha jeni ya BRAF, kinachotumika huko kwa swali hilihili. Kwa mji wa mimba hakisaidii. Tatu, wachache wenye Lynch hupita na rangi zote nne zikiwa sawa. Na nne, njia hii inaulizia Lynch tu. Kama kwenu ni matiti na ovari, ukoo unaoelekea kwenye jeni za BRCA, au matiti na goita zenye saratani pamoja na mji wa mimba, mkondo wa jeni ya PTEN, rangi hizi zitatoka safi na swali lenu litabaki palepale.

Inagharimu nini. Kwa kawaida ni nafuu kuliko kipimo cha jeni cha damu, ila rangi nne ni zaidi ya ripoti ya kawaida ya kinyama, na si kila maabara ya mkoa au kaunti inazo. Maabara kubwa za patholojia ndizo za kuulizia, na kibonge husafiri kwa basi bila shida. Kabla ya kulipa, uliza kama bei inajumuisha zote nne. Wapo wanaoanza na mbili tu, PMS2 na MSH6, na ni utaratibu unaokubalika kwa sababu ya ule uwili wao.

Inafikisha wapi. Faida moja ya njia hii haipo kwenye hizo nyingine kwa ukubwa huo: inamsaidia mgonjwa mwenyewe, leo. Saratani iliyopungukiwa na protini hizi, ikiwa imesambaa au imerudi, huwa na nafasi nzuri ya kuitikia dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kama pembrolizumab na dostarlimab. Bei zake kwetu ni mlima, lakini daktari wa saratani anahitaji kujua. Uingereza taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu, ilipendekeza mwaka 2020 kila mwenye saratani ya mji wa mimba apimwe hivi bila kuulizwa kwanza habari za ukoo, na matokeo ya Ohio yanaonyesha kwa nini. Inawafaa wenye kinyama kilichohifadhiwa vizuri, wenye historia ya ukoo isiyoeleweka au isiyokuwapo kabisa (waliolelewa mbali na damu yao, kwa mfano), na wagonjwa ambao matibabu bado yanapangwa.

Kipimo cha damu au mate

Inajibu nini. Kinaenda kwenye jeni zenyewe. Kikikuta hitilafu inayojulikana kuwa na madhara, mjadala umekwisha: ni Lynch, ni jeni fulani, na ndugu wengine wanaweza kutafutiwa hitilafu hiyohiyo moja tu. Kikitumika kile kinachosoma jeni nyingi kwa mara moja, kitaangalia na BRCA1, BRCA2 na PTEN pia.

Inahitaji nini. Kinamhitaji mtu sahihi, na mtu sahihi wa kuanza naye ni aliyeugua. Binti mzima wa afya huja na fedha mkononi akitaka apimwe yeye. Akipimwa na kukutwa hana kitu, jibu hilo lina maana mbili zisizotenganishika: ama mama alikuwa na hitilafu na binti hakuirithi, ama tatizo la mama ni la aina ambayo kipimo hakikuiona. Mama akipimwa kwanza, jibu la binti linakuwa na maana moja. Kama hali ya mama ni mbaya, damu au mate yachukuliwe sasa. Mazungumzo ya nani aambiwe nini yanaweza kufuata.

Kinahitaji pia mtu wa kuyafafanua majibu. Washauri wa vinasaba Afrika Mashariki ni wachache, na kazi hiyo mara nyingi hubebwa na daktari wa saratani mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake. Uliza kabla ya kutoa damu: majibu yakija nitakaa na nani?

Kinakosea wapi. Majibu huja ya aina tatu, na ya tatu ndiyo yenye maudhi: mabadiliko yameonekana lakini maana yake haijulikani. Huko si kukutwa na Lynch, na hakuna kiungo kinachotolewa kwa ajili yake. Watu wenye asili ya Afrika hupata majibu hayo mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejaa vinasaba vya watu wa Ulaya. Sababu hiyo hainizuii kumshauri mtu apime. Nitamshauri tu ahakikishe anwani yake inabaki kwa daktari, maana mabadiliko yanayojulikana kwa nusu leo huweza kuainishwa upya baada ya miaka.

Kinagharimu nini. Ndicho ghali zaidi kwa mkupuo mmoja, na sampuli nyingi kutoka kwetu husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo hesabu wiki kadhaa za kusubiri. Bima huweza kukataa. Omba jibu lao kwa maandishi kabla ya kulipa. Kinachosahauliwa kwenye hesabu ni kwamba wa kwanza ndiye anayelipa bei ya kutafuta jeni nyingi. Hitilafu ikishajulikana, dada, kaka na watoto hutafutiwa hitilafu ile moja, na bei hushuka sana.

Inafikisha wapi. Hapa ndipo njia hii inapozidi nyingine mbili. Aliyekutwa na hitilafu ya MLH1 au MSH2 huanza kolonoskopi kati ya miaka 20 na 25, kila mwaka mmoja au miwili. Mwenye MSH6 au PMS2 huweza kuanza baadaye kidogo. Mwanamke aliyemaliza kuzaa hupewa nafasi ya kujadili kutolewa kizazi na ovari karibu na miaka 40, na umri wa kutoa ovari hutegemea jeni gani imekutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 61 wenye Lynch waliotolewa kizazi mapema, na hakuna aliyepata saratani hiyo. Kati ya 210 ambao hawakutolewa, waliopata walikuwa 69. Upasuaji huo huingiza mtu kwenye ukomo wa hedhi ghafla, na jasho lake na usingizi wake, kwa hiyo usijadiliwe kwa dakika tano. Kuna pia aspirini, ambayo imeonyesha kupunguza saratani ya utumbo mpana kwa wenye Lynch. Dozi yake na vidonda vya tumbo vyako ni vya kuzungumza na daktari, si duka la dawa. Na kwa aliyekutwa hana ile hitilafu ya mama yake, anarudi kwenye hatari ya mtu wa kawaida na hahitaji lolote kati ya hayo.

Kinawafaa zaidi wenye mgonjwa aliye hai, mti unaopiga kelele au kinyama kilichokosa MSH2 au MSH6, na ndugu wengi wa umri wa kufaidika na majibu.

Majibu yanapogongana

Mti unaweza kukidhi tatu-mbili-moja, rangi zote nne zikawa sawa. Usifunge faili hapo. Huenda kinyama hakikupakika vizuri, au mgonjwa huyu alipata saratani ya kawaida ndani ya ukoo wenye Lynch, jambo linalotokea. Mpime ndugu mwingine aliyeugua, au peleka damu. Na inaweza kuwa kinyume chake: kinyama kimekosa MSH2 na MSH6, damu haina hitilafu. Baadhi ya uvimbe hupata hitilafu mbili za jeni ndani yake wenyewe bila kurithi. Hapo mti wa ukoo unarudi kazini, na daktari huutumia kuamua ndugu wafuatiliwe kwa ukali gani. Ndiyo maana daftari la mama mkubwa halitupwi hata baada ya vipimo vya fedha nyingi.

Hali yako ni ipi?

Mgonjwa yuko hai, ana upasuaji wiki ijayo, fedha ni za kubana. Anza na kinyama. Mwambie daktari kabla ya upasuaji kwamba mngependa protini nne zipimwe, na wakati mnasubiri chora mti. Damu itafuata kama kinyama kitaelekeza huko.

Mgonjwa ana chini ya miaka 50, au aliwahi kuugua saratani ya utumbo mpana pia. Kama mnaweza kumudu kimoja tu na kipimo cha damu mnakifikia, nendeni nacho moja kwa moja, mradi yupo wa kuyafafanua majibu.

Ana miaka 68, ni mnene, ana kisukari, na hakuna mwingine kwenye ukoo. Uwezekano wa Lynch ni mdogo, ila haujafutika. Kinyama kinatosha kuwa hatua ya kwanza na pengine ya mwisho. Fedha iliyobaki iende kwenye sukari na uzito wa mabinti.

Mama amefariki. Tafuta ripoti, tafuta namba, ulizia kibonge. Kikiwa kimepotea, mti ndio silaha yenu, na wa kupimwa damu awe ndugu mwingine aliyewahi kuugua kabla ya kumfikiria mzima.

Saratani za kwenu ni za matiti na ovari, na mji wa mimba ni mmoja tu. Ruka kinyama kama swali lenu ni la kurithi. Damu, kipimo cha jeni nyingi, aanze aliyeugua.

Ndugu aliye Uingereza au Marekani amekutwa na hitilafu. Kazi kubwa imeshafanyika na fedha zimeshalipwa. Mwombe barua ya maabara yenye jina la jeni na maandishi kamili ya hitilafu yenyewe, kwa sababu ujumbe wa "nimekutwa na Lynch" kwenye WhatsApp haumsaidii mtaalamu wa Tanga wala Kisumu kujua atafute nini. Aliye Marekani ajue kwamba sheria ya 2008 inamlinda kwenye bima ya afya na kazini, lakini haigusi bima ya maisha.

Wewe mwenyewe unatokwa damu, hedhi ikiwa imekoma au ikiwa imevurugika. Hapo huna cha kuchagua kati ya hizi tatu. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wa saratani hii huanza na damu isiyo ya kawaida, na wanawake wengi wanaotokwa damu hivyo hukutwa na kitu kingine kidogo. Nenda wiki hii ukapigwe ultrasound na kuchukuliwa kinyama, na daktari asipouliza kuhusu ukoo, mtajie mwenyewe nani aliugua nini na akiwa na umri gani.